Duka Lililochagua Sura

Mwaka 2006 Mike Jeffries, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya mavazi ya Abercrombie & Fitch ya Marekani, alimwambia mwandishi wa jarida la Salon kwamba nguo zake ni za vijana wenye mvuto na marafiki wengi, na kwamba wako watu wengi ambao hazikushonwa kwa ajili yao. Alikiri waziwazi kuwa wanabagua. Maneno hayo yakapita. Mei 2013 yakafukuliwa, na safari hii watu wakawaka: wakatia saini malalamiko, wakahimizana kususia, wakauliza kwa nini wanaume wanauziwa saizi ya XL na wanawake hawauziwi. Jeffries aliondoka Desemba 2014.

Kwa nini hasira ichelewe miaka saba? Chapa kama hii inauza nafasi ya kuonekana umo kundini, na kadiri wanaoachwa nje wanavyokuwa wengi, ndivyo waliomo wanavyokubali kulipa zaidi. Nembo inapokuwa fahari, aliyeivaa hasikii kilio cha mwenzake. Kufikia 2013 vijana walikuwa wakihamia kwenye nguo za bei nafuu za H&M na Forever 21, na fahari yenyewe ilikuwa imechuja.

Lakini walioumia mapema zaidi hawakuwa wanunuzi. Ndani ya maduka wauzaji waliitwa wanamitindo, wakachaguliwa kwa sura. Mwaka 2003 vijana Weusi, Walatino na Waasia waliishtaki kampuni wakidai kwamba walinyimwa kazi au walifichwa stoo, mbali na macho ya wateja. Mwaka uliofuata ilikubali kulipa dola milioni 40 na kubadili namna ya kuajiri.

Kesi ninayoiona nzito kuliko zote ilianzia Tulsa, Oklahoma, mwaka 2008. Binti wa Kiislamu wa miaka 17 alikwenda kwenye usaili wa kazi katika duka la kampuni hiyo akiwa amejifunga hijabu. Aliyemsaili alimpa alama za kutosha kuajiriwa, kisha akamuuliza bosi wake kuhusu kile kitambaa. Bosi akakataa: kanuni ya mwonekano ilikataza kuvaa chochote kichwani. Kampuni ilijitetea kwamba binti hakusema kuwa anajifunga kwa sababu ya dini. Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 dhidi ya 1, iliutupa utetezi huo. Mwombaji halazimiki kutangaza dini yake. Kinachopimwa ni nia ya mwajiri. Akimwacha mtu ili tu asije akalazimika kumruhusu afuate ibada yake, amebagua, hata kama hana hakika na dini ya mtu huyo.

Wiki chache kabla ya hukumu, kampuni ilikuwa imetangaza kwamba itaacha kuajiri kwa sura na kuwaita wauzaji wanamitindo. Binti wa Tulsa alikuwa amesubiri miaka saba. Alama zake zilitosha siku ileile ya usaili. Zilizoshushwa baada ya bosi kutoa neno ni zile za mwonekano.