Damu Niliyoimwaga

Mwaka 2011 nilimtoa damu baba yangu mzazi. Alishuka stendi, akatembea hadi kwenye maabara ninayofanyia kazi hapa Tanga, akakaa kitini na kukunja mkono wa shati bila kuambiwa. Alikuwa ameona damu kwenye mkojo. Daktari aliwaza kichocho, na pwani hii nani asingewaza hivyo? Baba alikulia upande wa Pangani, ameoga mitoni na mabwawani tangu utotoni. Akapewa prazikwanteli, damu ikakoma. "Mwanangu, dawa imefanya kazi," aliniambia. Nikaamini, maana kreatinini yake niliipima mwenyewe na ilikuwa sawa.

Kreatinini ni taka ya misuli inayochujwa na figo. Figo zikishindwa kazi, taka hiyo hurundikana kwenye damu. Ila binadamu ana figo mbili, na moja ikiota uvimbe, nyingine huweza kuubeba mzigo kwa miaka. Hivyo kipimo tunachokiita "cha figo" kinapima uchujaji tu, uvimbe hakiuoni. Tena damu inayoletwa na saratani ya figo ina tabia ya kuja na kupotea yenyewe. Hayo niliyasoma chuoni. Siku ile sikuyakumbuka. Nilisaini majibu, nikatupa kichupa pamoja na seramu iliyobaki, yale maji ya manjano yanayoelea juu damu ikishazungushwa kwenye mashine.

Miaka miwili baadaye ultrasaundi ilionyesha uvimbe wa sentimita 11 kwenye figo ya kushoto. Mapafu nayo yalikuwa na madoa. Ramadhani ya mwaka ule hakuifikia.

Saratani hii hukua ndani sana, nyuma ya matumbo, mahali pasipo na maumivu ya mapema. Duniani watu zaidi ya 400,000 hugunduliwa nayo kila mwaka, na wengi wa wale wanaogunduliwa mapema ni kwa bahati: mtu kaenda kupigwa picha kwa sababu ya tumbo au nyongo, uvimbe ukaonekana. Bahati hiyo ina thamani kubwa. Kwa takwimu za Marekani, uvimbe ukikutwa bado umo ndani ya figo, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka mitano. Ukishasambaa mbali, hawafiki 2 kati ya 10.

Kwa miaka mingi nilijiuliza kama ile seramu ya baba ilikuwa na habari yoyote. Kisha nikasoma utafiti uliochapishwa mwaka 2018, na nikausoma tena usiku uleule.

Kuanzia mwaka 1992, watafiti katika nchi kumi za Ulaya waliandikisha watu zaidi ya nusu milioni wasiokuwa wagonjwa. Wengi wao walitolewa damu, ikagandishwa. Sehemu kubwa ya damu hiyo imehifadhiwa Lyon, Ufaransa, katika taasisi ya saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, ndani ya naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Miaka ikapita, na baadhi ya wale watu wakapata saratani ya figo. Watafiti wakarudi kwenye barafu. Wakachukua sampuli za watu 190 waliokuja kuugua na za wengine 190 wanaofanana nao ambao hawakuugua, wakatafuta protini moja iitwayo KIM-1. Kwa waliokuja kuugua ilikuwa juu, na dalili hiyo ilionekana hata miaka mitano kabla ya ugonjwa kugunduliwa.

Protini hiyo ilielezwa mwaka 1998 na kundi la Joseph Bonventre huko Boston. Katika figo nzima ni haba mno. Chembe za vijifereji vya figo zikiumia, huitengeneza na kuimwaga kwenye mkojo na damu. Aina kuu ya saratani ya figo huanzia kwenye chembe za vijifereji hivyohivyo, nazo huitoa kwa wingi.

Sasa hawatafuti protini moja tu. Kuna mbinu iliyotokea Uppsala, Sweden, ambayo naipenda kama fundi anavyopenda kazi nzuri ya fundi mwingine. Kila protini hutegewa kingamwili mbili, kila moja imefungwa kipande cha DNA. Zote mbili zikiishika protini ileile, vipande hivyo hukutana, huungana na kunakiliwa, na mashine huhesabu nakala. Tone dogo la damu linatosha kusoma protini kwa maelfu. Mwaka 2023 ilichapishwa kazi ya UK Biobank, hazina ya sampuli za damu ya Uingereza, iliyopima kwa mbinu hiyo karibu protini 3,000 kwa watu zaidi ya 54,000.

Hata hivyo, nisingependa kipimo cha namna hii kiuzwe kesho kwenye maabara za mitaani. KIM-1 hupanda pia figo ikiumizwa na kisukari au dawa kali. Na kuna hesabu inayowaponyoka wengi. Tuseme kati ya watu 100,000 kuna 20 wenye uvimbe wasioujua. Kipimo kiwakamate 18, na kikosee kwa wazima 2 tu katika kila 100. Watu wapatao 2,000 watalala na hofu, watatafuta nauli na pesa za CT skani, wengine watachomwa sindano kwenye figo isiyo na kosa. Ndiyo sababu watafiti wanakusanya protini nyingi kwa pamoja, na wanafikiria kuanza na walio hatarini zaidi: wavutaji sigara, wenye unene uliozidi, wenye shinikizo la damu, na wale ambao ugonjwa huu umo katika ukoo wao.

Mimi nimo katika kundi hilo la mwisho, na kaka yangu pia. Yeye ana shinikizo la damu, na sigara aliiacha juzijuzi tu. Mwezi uliopita nilimpeleka ultrasaundi. Figo zake zote mbili hazikuwa na uvimbe.

Wiki hii alikuja mzee mmoja, fundi wa majahazi, mwenye karatasi ya prazikwanteli mfukoni. Damu kwenye mkojo ilikuwa imekoma tangu Ijumaa, alisema, kaja kuhakikisha tu. Nilimpima alichoandikiwa. Kisha nikavua glavu na kutoka naye hadi kwa daktari, nikamwomba amwandikie na ultrasaundi.