Ngome za Wakoloni Katika Pwani Yetu: Tofauti ya Mji na Ngome

Katika madarasa ya siasa hapa Mafia huzuka mara kwa mara swali hili: magofu ya Kua, Kisimani na Chole yalijengwa na nani? Wengi hujibu kwa haraka kwamba ni ya Wareno. Jibu hilo lina kasoro, kwa sababu linachanganya mambo mawili: mji na ngome. Mji hujengwa na watu wanaoishi na kuzalisha mali mahali hapo. Ngome ya mkoloni hujengwa na yule ajaye kuchukua mali iliyokwisha kuzalishwa. Asiyeitambua tofauti hii humpa mnyang'anyi sifa ya fundi.

Tuanze na Kilwa, ambayo Mafia ilikuwa chini yake. Kilwa ilistawi kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, pembe za ndovu na nguo za India, kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Julai 1505 Francisco de Almeida aliingia na manowari za Ureno, akauteka mji na kuupora. Amir Ibrahim alikimbia. Mohamed Ankoni akatawazwa kuwa kibaraka. Hapo ndipo ilipojengwa ngome ya Santiago. Lakini ngome hailimi, haivui wala haifui chuma. Biashara ilipodorora, ngome ikabaki gharama tupu, na mwaka 1512 Wareno wakaiacha.

Ngome kubwa kuliko zote ilijengwa Mombasa. Kati ya 1580 na 1640 taji la Ureno lilikuwa mikononi mwa wafalme wa Hispania. Kwa hiyo Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilijengwa wakati wa Mfalme Philip wa Pili wa Hispania. Msanifu wake, Giovanni Battista Cairati, alikuwa Mwitalia. Miaka minne kabla, mwaka 1589, mfalme huyo huyo alikuwa ameanza kujenga ngome ya El Morro kule Havana, Cuba, kwa mkono wa Mwitalia mwingine, Battista Antonelli. Hii haikuwa sadfa. Ubeberu ulikuwa mfumo mmoja katika bahari mbili: Havana ililinda fedha iliyoporwa Amerika, Mombasa ililinda njia ya India. Hata umbo lilikuwa la namna moja: kuta nene na buruji zilizochongoka pembeni, ili mizinga ifyatue kila upande.

Kila upande maana yake ni baharini na mjini pia. Mkoloni aliwaogopa washindani wake, lakini aliwaogopa vilevile wenyeji. Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Mwaka 1631 Yusuf bin Hasan, sultani aliyelelewa na Wareno wenyewe kule Goa, aliingia ndani ya ngome, akamwua kapiteni na kuiteka. Mwaka 1696 majeshi ya Oman yaliizingira. Ilianguka Desemba 1698. Hata hivyo, aliyeingia hakuzibomoa kuta. Alizigeuza kuwa zake. Nao Waingereza waliifanya jela tangu 1895 hadi 1958.

Lugha yetu imeihifadhi historia hii. Neno *gereza* hutajwa na wataalamu kuwa limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, kwani kanisa lilikuwamo ndani ya ngome. Mwananchi aliyelitazama jengo hilo kutoka nje aliona jambo moja tu: mahali pa kufungiwa watu. Kule Kilwa Kisiwani, ngome iliyojengwa na Waomani juu ya mabaki ya ile ya Wareno huitwa Gereza mpaka leo.

Turudi Mafia. Kua, katika kisiwa cha Juani, haikuwa ngome ya Wareno. Ulikuwa mji wa Waswahili, wenye misikiti na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa. Ulikuwa na mabwana na watumwa wake, na hilo tusilifiche. Uliangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Boma la Wajerumani la Chole ni jambo jingine kabisa. Mwaka 1890 Ujerumani na Uingereza zilipatana, na Sultani wa Zanzibar akalipwa marki milioni 4 kwa ajili ya pwani pamoja na Mafia. Wananchi wa Mafia hawakuulizwa. Januari 1915 Waingereza wakakiteka kisiwa, na Julai mwaka huo ndege zilizoruka kutoka hapa zikaongoza mizinga iliyoangamiza manowari *Königsberg* katika delta ya Rufiji. Kisiwa kizima kiligeuzwa ngome katika ugomvi usio wetu.

Basi, kada amwoneshapo kijana ukuta wowote wa zamani, asitosheke kumwambia umri wake. Amfundishe kuuliza: nani aliujenga, kwa mali ya nani, na mizinga yake iliwaelekea akina nani? Na kiongozi anayefanya kazi katika ofisi ambayo wananchi bado wanaiita bomani ajiulize pia: wanaingia humo kama wenye nyumba, au bado wanasimama nje kama waliotazama gereza?

Maswali ya majadiliano:
1. Kwa nini ngome ya Kilwa ilidumu miaka 7 tu?
2. Kuna tofauti gani kati ya magofu ya Kua na boma la Chole?
3. Kumwondoa mwenye ngome bila kuondoa kazi ya ngome kunaleta matokeo gani?