Kasoro Isiyosemwa Haitengenezwi

Kabla hatujaanza, mwalimu wa darasa tafadhali andika ubaoni maneno matano haya: programu, kasoro, kifurushi, mtunzaji, kiraka. Tutaeleza kila neno tutakapolifikia. Na wewe unayelisoma somo hili peke yako nyumbani, yaandike katika daftari lako.

Tuanze na jambo mnalolijua. Mtu anakwenda zahanati. Mganga anamwuliza, "Unaumwa nini?" Anajibu, "Naumwa." "Wapi?" "Naumwa tu." Je, mganga atampa dawa gani? Kisha anaingia mwingine, naye anasema, "Tangu juzi jioni tumbo linanisokota upande wa kulia, na nikila chakula linazidi." Mgonjwa huyu wa pili hakusomea uganga hata siku moja, lakini amekwisha msaidia mganga nusu ya kazi yake. Somo la leo ni hilo hilo, ila mgonjwa wetu si mtu. Mgonjwa wetu ni programu ya kompyuta.

Programu ni nini? Kompyuta haina akili yake yenyewe. Hufanya yale tu iliyoagizwa, moja baada ya jingine. Maagizo hayo, yakiandikwa kwa lugha inayofahamika na kompyuta, ndiyo tunayoyaita programu. Hata simu yako ya mkononi ni kompyuta ndogo, nayo ina programu ndani yake. Sasa, maagizo huandikwa na watu, na watu hukosea. Kwa hiyo hakuna programu kubwa isiyokuwa na makosa. Kosa la namna hiyo tutaliita kasoro. Waingereza huliita mdudu, lakini msidhani kwamba yumo mdudu kweli. Mara nyingi ni neno moja lililoandikwa vibaya, au jambo moja ambalo mwandishi alilisahau.

Watu wengi, kazi moja

Mwaka 1991 mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, nchini Finland, jina lake Linus Torvalds, aliandika programu ya kiini, yaani ile inayoisimamia mashine yenyewe. Ikaitwa Linux. Watu wote wakaruhusiwa kuisoma, kuitumia na kuirekebisha. Kiini hicho ndicho kilichomo hata leo katika simu za Android. Lakini kiini peke yake hakimfai mtu, kama vile injini iliyowekwa juu ya meza haimpeleki mtu sokoni. Zahitajika programu nyingine nyingi: za kuandika barua, za kuchapa, za kupiga hesabu.

Basi tarehe 16 Agosti 1993 mwanafunzi mwingine, Ian Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Marekani, alitangaza kazi ya kuzikusanya programu hizo na kuzipanga vema pamoja na Linux. Mkusanyo huo aliuita Debian. Jina hilo aliliunganisha kutoka kwa Debra, mchumba wake, na Ian, yeye mwenyewe.

Katika Debian kila programu hufungwa katika kifurushi. Juu ya kifurushi huandikwa jina lake, namba ya toleo lake, na vifurushi vingine kinavyovihitaji ili kifanye kazi. Na kila kifurushi kina mtunzaji, yaani mtu aliyekubali kukiangalia. Watunzaji hao walikuwa watu wa kujitolea, kila mmoja kwao. Toleo la 1.1, lililotoka Juni 1996, lilikuwa na vifurushi 474. Miaka miwili baadaye, Julai 1998, toleo la 2.0 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 1,500, na watunzaji wake walizidi 400.

Fikirini kidogo. Watu 400 walio katika nchi mbalimbali, na wengi wao hawajaonana uso kwa uso. Wewe ukiona kasoro, utamwambia nani? Na ukimwambia leo, nani ataikumbuka baada ya mwezi?

Daftari lililo wazi

Jibu lilipatikana mwaka 1994, wakati Ian Jackson alipoandika programu ya kutunza habari za kasoro. Ilifanya kazi kwa barua pepe. Aliyeona kasoro aliandika barua, akaipeleka kwa anwani moja tu. Kompyuta iliipokea, ikaipa namba, ikapeleka nakala kwa mtunzaji wa kifurushi kile, na kumjibu mwandishi: barua yako imefika, na namba yake ni hii. Tangu hapo kila neno lililoandikwa juu ya kasoro ile liliwekwa chini ya namba ile, kama karatasi za mgonjwa zinavyowekwa katika jalada lake hospitalini. Kasoro ilipokwisha kutengenezwa, mtunzaji aliifunga, na aliyeileta akapelekewa habari.

Na jambo kubwa ni hili: jalada hilo liko wazi. Mtu yeyote aweza kulisoma. Mwaka 1997 watu wa Debian waliandika ahadi zao kwa wanaowatumikia, na moja ya ahadi hizo ni kwamba hawataficha matatizo. Namba ya kasoro ilifika milioni moja katika Novemba 2021.

Huenda mmoja wenu atasema, "Kasoro milioni moja! Basi hiyo ni kazi mbaya." La, ndugu yangu. Duka ambalo halina deni hata moja lililoandikwa, je, ni duka lisilo na madeni? Pengine ni duka lisilo na daftari. Nyingi katika kasoro hizo zimekwisha tengenezwa, na zimetengenezwa kwa sababu zilisemwa. Wazee wetu walisema: mficha maradhi, kilio humfichua.

Namna ya kuandika habari za kasoro

Sasa chukua kalamu. Tuseme Bibi Asha ana programu ya kuchapa barua, nayo inamsumbua. Anaandika hivi: "Programu yenu ni mbovu. Itengenezeni upesi." Barua hii haina msaada wowote. Mtunzaji ataifungua programu kwake, ataiona inakwenda sawasawa, naye hatajua la kufanya.

Bibi Asha anafikiri, kisha anaandika tena: "Ninatumia kifurushi cha kuchapa, toleo la 1.3. Nilifungua barua ya kurasa 3, nikaagiza ichapwe. Ukurasa wa 1 na wa 2 ilitoka vizuri. Ukurasa wa 3 ulitoka mweupe. Nilitazamia utoke na maandishi. Nimejaribu mara 4, na kila mara ni vile vile. Barua ya kurasa 2 hutoka yote." Kisha ananakili, neno kwa neno, maandishi ya onyo aliyoyaona kwenye kioo cha kompyuta.

Tazameni alivyofanya. Ametaja kifurushi na toleo. Ametaja alilofanya, lililotokea, na alilolitazamia. Amesema ni mara ngapi. Amenakili onyo bila kuongeza wala kupunguza. Hakusema chanzo ni nini, kwa sababu hakijui. Aliyoyaona kwa macho yake ameyaandika, na asiyoyajua ameyaacha. Mtunzaji aweza kuchukua barua ya kurasa 3 na kuyaona mambo yale yale mezani kwake.

Kwa nini namba ya toleo ni lazima? Nitawapa mfano wa kweli. Desemba 1995 muuzaji mmoja wa sidii alitoa sidii za Debian na kuziandika toleo la 1.0. Kumbe alichukua kazi iliyokuwa bado inatengenezwa, isiyokuwa tayari. Sidii ikisha chapwa haibadiliki. Kama Debian wangetoa toleo lao halisi kwa namba ile ile ya 1.0, watu wawili wangetaja toleo moja huku kila mmoja ana kitu tofauti. Kwa hiyo waliiacha namba 1.0, nalo toleo lililofuata likaitwa 1.1. Hivyo namba ni kama jina la mtu: likichanganyika, barua humfikia asiyehusika.

Si kasoro zote zilizo sawa

Kasoro hupangwa kwa uzito. Iliyo nzito kupita zote ni ile inayoharibu mashine nzima, inayopoteza kazi za watu, au inayomfungulia mwizi mlango. Chini yake iko ile inayokifanya kifurushi kisifae kabisa. Ziko za kawaida, ziko ndogo, na mwisho huja maombi tu, kama mtu akisema, "Ningependa programu hii ifanye na jambo hili." Zile nzito huweza kulizuia toleo jipya lisitoke mpaka zitengenezwe au kifurushi kiondolewe. Basi usiite kila kitu moto. Ukipiga yowe kwa sababu ya cheche, siku nyumba ikiungua nani atakuja?

Kazi ya mtunzaji

Mtunzaji akipata barua, kwanza huirudia kasoro kwake, aione kwa macho yake. Pili, hutafuta chanzo. Tatu, huandika kiraka, yaani mistari michache ya kurekebisha ile iliyokosewa, kama fundi cherehani anavyoziba kanzu iliyotoboka. Nne, hujaribu. Tano, hutoa kifurushi chenye namba mpya, na kuandika ndani yake ni kasoro ipi iliyokwisha. Ikiwa chanzo kiko kwa mwandishi wa kwanza wa programu, humpelekea habari, ili watu wengine wanaoitumia programu ile nao wapone.

Hatua ya pili ndiyo ngumu, tena ndiyo ya hatari. Sikilizeni habari hii. Iko programu iitwayo OpenSSL, ambayo kazi yake moja ni kutengeneza funguo za siri za kompyuta. Funguo hizo ni namba ndefu mno, na usalama wake ni kwamba hakuna awezaye kuzibahatisha. Mwaka 2006 ilionekana katika Debian kwamba programu ya ukaguzi inatoa onyo juu ya mistari miwili ya OpenSSL. Mtunzaji aliuliza kwa barua kama mistari hiyo yaweza kuondolewa. Hakukatazwa, akaiondoa. Onyo likanyamaza.

Kumbe mmoja wa mistari ile ndio uliokuwa ukichanganya mambo ili ufunguo usibahatishike. Baada ya kuondolewa, kwa kila aina ya mashine na kila urefu wa ufunguo, funguo zilizoweza kutengenezwa zilibaki 32,767 tu. Kwako wewe na mimi hizo ni nyingi, lakini kompyuta yaweza kuzijaribu zote kwa muda mfupi. Hali hiyo iliendelea zaidi ya mwaka mmoja na nusu, nayo ilienea hata katika mikusanyo mingine iliyochukua vifurushi kutoka Debian, kama Ubuntu. Aliyeigundua ni Luciano Bello, mmoja wa watu wa Debian wenyewe. Tarehe 13 Mei 2008 walitangaza wazi wazi, wakatoa kifurushi kilichorekebishwa, na wakawaambia watu wote wazitupe funguo dhaifu na kutengeneza mpya. Maana kurekebisha programu peke yake hakukutosha. Funguo mbovu zilikuwa zimekwisha sambaa.

Tunajifunza nini? Mtoto akilia kwa maumivu ya sikio, ukampa peremende, atanyamaza. Lakini sikio halijapona. Kulinyamazisha onyo si kuiondoa kasoro. Na tena tunajifunza hili: hata fundi mwema hukosea, na kinachowaokoa watu ni mtu mwingine aliyepewa nafasi ya kuangalia, na wenye kazi wasioona haya kusema, "Tumekosea."

Nawe unaweza

Pengine wewe huandiki programu, na pengine hutaandika kamwe. Hata hivyo unatumia simu, na kijijini kwenu kuna pampu ya maji, mashine ya kusaga, au mizani ya kupimia mazao. Kimoja kikikosa kwenda sawa, watu wengi hunung'unika barazani na kwenda zao, kila mmoja akidhani mwenzake amekwisha sema. Hapo ndipo kasoro inapokomaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika unao uwezo ambao jana hukuwa nao. Waweza kuyaweka uliyoyaona katika karatasi, kwa mpango mzuri, yakamfikia fundi aliye mbali, naye akaelewa kana kwamba alikuwa amesimama karibu nawe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mtunzaji huanza kwa kuirudia kasoro kwake mwenyewe?
2. Taja mambo manne yaliyomo katika barua ya pili ya Bibi Asha ambayo hayamo katika ile ya kwanza.
3. Mwaka 2006 onyo lilinyamaza. Je, kasoro ilikwisha? Eleza.
4. Kuna faida gani jalada la kasoro kuwa wazi kwa watu wote? Je, iko hasara?

Kazi ya kuandika: chagua kitu kimoja kisichofanya kazi vizuri nyumbani au kijijini kwenu. Mwandikie fundi barua ya mistari minane. Sema ni kitu gani, ulifanya nini, kilitokea nini, na ulitazamia nini. Usiandike usilolijua. Kisha mpe jirani yako darasani aisome. Akikuuliza swali, jibu lake ndilo lililokosekana katika barua yako. Liongeze.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.