Sura ya 7: Nani Atangulie

Chukua hoteli yoyote ya ufukweni hapa Bagamoyo. Nyuma ya mapokezi kuna swichi ya porti 24, na nyaya zake zinakwenda kwenye simu za mezani, kamera za ulinzi, kompyuta ya malipo na Wi-Fi ya wageni. Jioni wageni wanarusha video za majahazi, kamera nazo zinapeleka picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni, na aliyepiga simu kutoka Dar es Salaam anasikia maneno yanakatika. Mwenye hoteli anaambiwa anunue kifurushi kikubwa zaidi. Asikimbilie huko.

Simu inakula kidogo mno: sauti isiyobanwa, pamoja na vichwa vya pakiti zake, haifiki kilobiti 100 kwa sekunde. Isichoweza ni kusubiri. Pakiti ya video ya baiti 1,500 huchukua milisekunde 1.2 kupita kwenye laini ya megabiti 10. Zikitangulia 100, sauti imechelewa milisekunde 120 kabla haijatoka hotelini, ilhali ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri safari nzima ya upande mmoja isizidi 150.

Dawa yake ni lebo. Fremu ya VLAN, yaani ya mtandao uliotengwa ndani ya swichi, ina biti 3 za kipaumbele, yaani daraja 0 hadi 7, na kwa desturi sauti hupewa 5. Simu ya mezani hujiwekea lebo yenyewe. Lakini hata kompyuta ya mgeni inaweza kujipandisha daraja, kwa hiyo swichi iambiwe iamini porti za simu tu. Kinachotoka kwenye Wi-Fi ya wageni kishushwe hadi 0. Foleni ya sauti nayo iwekewe kikomo, la sivyo siku ikijaa wengine hawapiti kabisa.

Linalosahaulika zaidi ni hili: pasipo na foleni, kipaumbele hakifanyi kazi yoyote. Kwenye porti ya gigabiti 1 pakiti ile ile hupita kwa maikrosekunde 12. Msongamano uko kwenye ruta, mlango wa kutoka hotelini kwenda Dar. Ruta ikisukuma data haraka kuliko laini inavyobeba, foleni inahamia kwenye modemu ya mtoa huduma, isiyojali lebo zako. Ibane ruta itume megabiti 9 badala ya 10, foleni ibaki kwako. Na kwa kuwa lebo ya VLAN huishia kwenye ruta, ruta isome ile iliyo ndani ya pakiti yenyewe, ambako sauti huandikwa 46. Data inayoingia ni habari nyingine: hiyo imeshapangwa foleni kwa mtoa huduma, na yeye ndiye wa kuombwa aitangulize simu.