Mama, Mtoto Anafikaje Shuleni?

Hapa Lushoto tunayo shule ya wasioona ya Irente, na Irente Rainbow ya watoto wenye ulemavu wa akili. Shida yetu ni njia: milima, kona, na utelezi wa masika.

Sisi wauguzi tumewahi kumshona kichwa mtoto aliyefungwa kwa khanga kwa dereva wa pikipiki. Kifafa kilimshika kwenye kona, wakaanguka wote wawili.

Mwenye kifafa apande gari, afungwe mkanda, akae na mtu anayemjua. Nauli ikikushinda, changeni na majirani. Dereva aelezwe mapema: kifafa kikimshika, asimamishe gari, amlaze ubavu, asimtie kitu mdomoni. Wala asiogope mate yake, kifafa hakiambukizi.