Bustani ya Roshani Hupimwa kwa Karai

Mtu wa Pwani akihamia bara kikazi hubeba mengi: mkeka, msala, mbuzi ya kukunia nazi na mazoea yake. Kisichobebeka ni harufu ya nyumbani. Alhamisi jioni hapana rihani ya kuweka chumbani, wala asumini ya kutungia kikuba. Ndiposa mimi, niliyepanga orofa ya tatu mjini Kitui, nikaazimia kuifanya roshani yangu bustani, ijapokuwa ni nyembamba hata mtu hawezi kujinyoosha.

Lakini Kitui si Mvita. Kitui na jirani yake Makueni ni nchi kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na zile ambazo wenyeji huzitumainia zaidi ni za Oktoba hadi Disemba. Zikisha kupita, mito mingi hubaki mchanga mtupu na maji huuzwa kwa mtungi wa lita 20. Jirani yangu, mama wa Kikamba mwenye wajukuu, aliposikia nataka kupanda maua aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, watu wanafukua mchanga kutafuta maji, nawe utayamwagia maua?"

Swali hilo ni zito, wala halijibiwi kwa mzaha. Jibu lake nililipata katika kutawadha. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tulisomeshwa tangu chuoni kwamba maji yaliyokwisha kutumika katika udhu wa faradhi ni tohara, ila hayatoharishi tena. Kwa mche, hayana kasoro yoyote. Nami nikaanza kutawadha juu ya karai, kwa kopo la lita moja. Kopo hilo si dogo: imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, kipimo kisichofika hata lita. Kwa sala tano, karai hukusanya kama lita nne kwa siku. Hizo ndizo mali yangu. Nikaapa bustani isizidi hapo.

Basi nikaingia soko la Kalundu nikiwa najua ninachotaka. Wauzaji wa miche hupanga bidhaa zao chini: sukuma wiki, pilipili, mipapai, na miembe iliyopandikizwa. Mwembe ni mti wa shamba, si wa chungu, nikaupita. Nilichukua miche miwili ya rihani, mmoja wa pilipili, na mshubiri, ambao Wakamba huuita kiluma na hutumia maji yake kutibu kuku. Mshubiri huweza kukaa siku nyingi bila kumwagiwa maji.

Mama aliyeniuzia alinipa somo ambalo sikulilipia. Alisema mche mzuri wa kununua si ule mrefu wenye majani mororo, bali ni ule mfupi, mgumu, uliozoeshwa kiu kidogo kidogo kitaluni. Maneno yake niliyaona kwa macho yangu nilipopitia Kibwezi, katika Makueni, nikitoka Mombasa. Kibwezi ina chemchemi zinazotokana na milima ya Chyulu, na mnanaa wa huko hunawiri kweli. Nilinunua mmoja, na asumini nikaja nayo kutoka nyumbani. Nikapanda gari la Ikutha na Mutomo hadi Kitui. Yote miwili niliiweka kivulini wiki mbili, nikipunguza maji polepole, kabla ya kuionyesha jua.

Jambo la pili ni kuyatunza maji yasipotee. Wakamba wamejenga mabwawa ya mchanga kwa mamia katika kaunti hizi mbili. Ukuta hukinga mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hujificha humo jua lisiyanyonye. Chungu nacho ni mto mdogo. Changanya udongo mwekundu, mchanga wa mtoni na samadi ya mbuzi iliyooza. Toboa tundu chini. Kisha tandaza changarawe juu. Mwagia baada ya magharibi, si adhuhuri. Mshubiri ukae mbele upigwe na jua, rihani nyuma yake. Rihani ikianza kutoa maua, yakate, la sivyo itazaa mbegu na kuzeeka.

Leo nina vyungu sita, na hakuna tone la maji lililonunuliwa kwa ajili yao. Siku ambazo karai halitoshi, maji ya kuoshea mchele huongezea. Ya sabuni siyatumii. Jirani yangu alikuja kutazama, akainamia karai, akatikisa kichwa, kisha akaomba kipando cha rihani. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kuikataa rihani anapopewa, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Nami nikaona anayeombwa naye asiwe mzito kutoa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji uliye orofani, ama Kitui ama Kibokoni, kabla hujakwenda sokoni usihesabu fedha kwanza. Tawadha siku moja juu ya karai, upime kilichobaki. Hicho ndicho kitakachokwambia ununue miche mingapi.