Majina Yafananapo Wodini

Machi 2018 taifa lilishtuka kusikia kwamba katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa mmoja alipasuliwa kichwa badala ya mwenziwe. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda ubongoni. Mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Madaktari waligundua fuvu limekwisha kufunguliwa. Wahudumu kadhaa walisimamishwa kazi.

Je, adhabu pekee hutibu kosa? Mgonjwa yule alipita mikononi mwa wengi, tangu wodini hadi chumba cha upasuaji. Palipo na hofu, muuguzi aonaye dalili ya kosa hunyamaza. Palipo na kuaminiana, husema, na madhara yakazuiliwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, tangu 2008, limehimiza jina la mgonjwa lithibitishwe kabla ya dawa ya usingizi na tena kabla ya kisu.

Hospitali ya Mukurweini, huko Nyeri, ni ndogo kuliko Kenyatta, lakini hatari haichagui. Wakikuyu huwarithisha watoto majina ya babu na bibi. Kina Wanjiru na Mwangi huweza kuwa wawili wodi moja, kama kina Fatma na Ali kwetu pwani.

Basi, akina mama, tumpelekapo mgonjwa tutaje majina yake matatu na mwaka wa kuzaliwa, na tuulize kila dawa ni ya nini. Kuuliza si utovu wa adabu. Uhai ni amana, nayo huhifadhiwa na mikono yote.